Jumamosi Moja Isiyo na Abiria

Jumanne, 2 Machi 1999

Nasubiri. Massachusetts Avenue, upande wa kivuli, injini nimezima. Mheshimiwa alisema dakika ishirini – sasa ni saa nzima na robo. Vioo nimeshafuta, mazulia nimeshakung'uta. Daftari hili hukaa chini ya kiti changu pamoja na kitambaa cha vumbi. Hakuna ajuaye kama lipo, na ndivyo ninavyotaka.

Niandike jambo la Jumapili kabla halijanitoka. Nilikwenda mji wa Frederick kumchukulia mke wangu Leokadia kabati la mtu anayehama. Kurudi, nikasimama kujaza mafuta. Pembeni yangu mzee wa Kizungu anajaza kijigari chekundu – namba kubwa imebandikwa mlangoni, matairi yamelika kingo kama yametafunwa na panya. Na uso wake! Umekunjuka kama wa mtu aliyetoka kubatiza mjukuu. Nikamuuliza anatoka wapi. Akasema anatoka kuendesha. Kuendesha kwenda wapi? Akacheka. Hakuna pa kwenda, akasema, ni kuzunguka tu. Kuna uwanja kule West Virginia, unaingia na gari lako mwenyewe, unazunguka siku nzima. Si mashindano. Wanaopanga siku hizo ni vilabu, na vilabu viko vingi. Uchague chako.

Hakuna pa kwenda! Tangu Jumapili maneno hayo yananizunguka kichwani. Mimi nina miaka arobaini na sita, kumi na moja kati ya hiyo nimekuwa dereva wa ubalozi hapa Washington, na sijawahi kuwasha gari bila kuambiwa kwenda wapi na kufika saa ngapi.

Huyo Mheshimiwa anatoka. Kafungua mwavuli.

Jumamosi, 6 Machi

Nimemwambia Leokadia. Kosa! Alikuwa anasonga ugali, na mke wangu akiwa na mwiko mkononi hana mzaha. Yeye anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee hapa Adelphi. Amezoea watu wenye mawazo ya ajabu. Akaniuliza: yaani Baba Jacky, uendeshe Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu Jumamosi upumzike kwa kuendesha? Mpishi akipewa likizo huenda kupika?

Jacqueline akacheka mpaka kijiko kikamdondoka. Binti yangu ana miaka kumi na sita. Alikuja hapa ana mitano. Kiswahili anakisikia chote, majibu yote ni Kiingereza. Akasema kwa hicho Kiingereza chake kwamba ni sawa tu, ila rafiki zake wasijue.

Kisha Leokadia akaacha kucheka, akauliza habari ya mkataba. Haya, mkataba. Unaisha tarehe 30 Juni. Mheshimiwa ndiye atakayeandika kama niongezewe mwaka au turudi nyumbani. Jacqueline amebakiza mwaka mmoja amalize sekondari. Mmoja tu! Kwa hiyo katika nyumba hii, mpaka Juni, hakuna kumuudhi Mheshimiwa hata kwa chafya. Leokadia kasema kuota niote, kuota hakuna ushuru.

Basi naota.

Alhamisi, 11 Machi

Klabu ya kwanza. Namba yao niliitoa kwenye gazeti la bure la magari. Mkutano Herndon, karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, ndani ya jengo la vioo vitupu – vijana wa kompyuta. Nilitoka kazini moja kwa moja, sikupata muda wa kubadili suti nyeusi na tai.

Nje magari ya Kijerumani yamejipanga, yanang'aa kama sahani za sikukuu. Corolla langu la 1986 nikaliegesha nyuma kabisa, jirani na mapipa ya taka. Ndani kahawa nzuri, vikaratasi vya majina vifuani, picha za kona ukutani. Mimi – mazoea ni kitu kibaya! – nikajikuta nimesimama kando ya mlango, mgongo wima, mikono nimeifumbata mbele. Kijana mmoja akanijia kwa adabu kabisa. Akaniuliza nimekuja kumchukua nani, ili akamwite.

Nikamjibu nimekosea ghorofa.

Ndiyo, nilisema hivyo! Kwenye lifti niliona aibu, halafu nikaanza kucheka peke yangu. Kijana hakunitukana. Alimwona dereva amesimama mlangoni, na kweli dereva alikuwa amesimama mlangoni. Fomu yao nimeisoma nilipofika garini: gari liwe la ukoo ule ule wa Kijerumani, ama umpate mdhamini na usubiri mpaka mwakani. Mwakani sijui nitakuwa bara gani.

Jumapili, 21 Machi

Klabu ya pili, ya akina Mutai. Mutai ni Mkenya wa Kericho, anapanga mizigo kwenye ghala huko Landover, na habari ya magari haimtoki mdomoni. Wanakutana kwenye kiwanja kikubwa cha kuegesha, si mbali na ule uwanja mpya wa mpira. Wanapanga koni za plastiki, unapita katikati mmoja mmoja, na mtu ameshika saa.

Alinipokea kwa kelele. "Mzee Laurean, karibu sana! Leo utatuonyesha vile ma-diplomat huendesha. Lakini hii gari yako, boss, ni ya kupeleka nyanya soko!" Akanivika helmeti lake, limelowa jasho la watu wanne.

Sekunde hamsini na nane. Safari yote ndiyo hiyo! Mutai alitumia thelathini na tisa. Sikugusa koni hata moja, na nikawa wa mwisho kati ya watu thelathini. Mutai akaniinamia dirishani, anacheka: "Una-brake kama umebeba mayai, mzee. Hakuna mtu huko nyuma!"

Ni watu wazuri, wanachoma kuku, wanataniana. Lakini ile saa mkononi! Mimi na saa tumeshachokana. Na sekunde hamsini na nane ni kuonja mchuzi kwa ncha ya kidole. Nilipomwambia Mutai kwamba sitajiunga, akanuna kidogo, kisha akasema siku nikihitaji mkono wa kufungua breki, nimpigie.

Jumatano, 31 Machi

Miti ya micheri imechanua yote kwa pamoja, pale kwenye bwawa. Mvua nyepesi. Petali zinadondoka juu ya boneti jeusi na leo sizifuti. Mheshimiwa yuko na wageni, wanapiga picha. Nina nusu saa, labda zaidi.

Nikifumba macho barabara inakuja yenyewe. Haina jina. Wakati mwingine ni ule mteremko wa Muhutwe kwetu, nilikojifunzia na Land Rover ya misheni, udongo mwekundu, ukungu wa asubuhi haujatoka. Wakati mwingine ni lami tupu, kona moja inazaa nyingine, na mimi sina haraka na wala sichelewi. Hakuna anayezungumza. Sijui natoka wapi. Mikono inajua.

Kwenye gari la ubalozi hakuna mazungumzo pia, lakini kimya chake ni kingine. Mheshimiwa hapendi kutoa amri kwa mdomo. Kwa hiyo kioo changu cha kati hakitazami barabara, kinamtazama yeye; barabara naitazama kwa vioo vya pembeni. Akigusa miwani, napunguza redio. Akifumba macho, napunguza mwendo. Akiangalia saa, naongeza. Ndivyo nilivyofundishwa na dereva aliyenitangulia, na ndivyo nilivyomfundisha Fahmi, dereva mwenzangu, kijana wa Unguja.

Na mtu akinipigia simu ofisini, Rosemary wa mapokezi ana jibu moja: Laurean yuko na mtu. Si uongo. Niko na mtu siku zote. Hata siku ile Jacqueline alipovunjika mkono shuleni, akiwa darasa la nne, akapiga mwenyewe analia – alijibiwa baba yuko na mtu. Nilipata habari saa kumi na moja jioni. Hajawahi kunilaumu kwa hilo. Ningependa siku moja anilaumu, yaishe.

Wamemaliza picha.

Jumanne, 6 Aprili

Klabu ya tatu! Naandika mezani nyumbani, siwezi kungoja kesho nikiwa garini.

Mutai ndiye aliyenielekeza, moyo wake haukai na kinyongo. Wanakutana Jumanne ya kwanza ya kila mwezi kwenye mkahawa wa chapati za maji, mjini Laurel. Watu tisa tu. Fundi bomba, mwalimu wa hesabu, mume na mke wasioelewana gari la nani ni bora. Mwenyekiti wao ni mama mmoja, Bi. Arlene, amekaribia miaka sabini, sweta lina doa la asali kifuani. Alikuwa mpeleka barua wa vijijini miaka ishirini na sita. Akaniambia gari lake la barua lilikuwa na usukani kulia, ili afikie visanduku bila kushuka. Usukani kulia! Kama kwetu! Nilipomwambia kwamba kwetu nchi nzima tunakaa kulia, aligonga meza kwa furaha, akaagiza niongezewe chapati.

Nikauliza maswali yangu. Gari la aina gani? Lolote lenye breki nzima. Nani anashika saa? Hakuna; mtu akikutwa na saa ya kupimia anarudishwa kwao. Nani anakuwa wa kwanza? Wa kwanza kufika anachemsha kahawa. Mgeni huendesha na mwalimu pembeni, akiiva anaachwa peke yake. Na kupitana je? Bi. Arlene akaweka uma chini. Hapo, akasema, ndipo klabu yao ilipo. Hakuna anayempita mwenzake mpaka wa mbele atoe mkono dirishani, amwonyeshe upande wa kupita. Na anayeona mtu nyuma yake asimnyime.

Nilicheka kwa sauti, wakanishangaa. Lakini hii ni ya kwetu kabisa! Malori ya njia ya Kahama: dereva aliye mbele akikuwashia taa ya kushoto, pita, ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Humjui jina, hujamwona uso, na umempa roho yako. Nilidhani adabu ile niliiacha kule.

Nimejiandikisha. Mwanachama! Kwenye fomu, penye kazi, nikaandika dereva. Bi. Arlene alipoisoma akasema vizuri, angalau mmoja wao sasa anajua kazi.

Ijumaa, 16 Aprili

Ramani ya uwanja imekuja kwa posta. Mstari mmoja uliojikunja, kama uzi ulioanguka sakafuni. Kona kumi. Siku yangu ni Jumamosi, tarehe 8 Mei.

Nimeizunguka kwa kidole mara labda mia mbili. Kwenye taa nyekundu naizunguka juu ya paja. Leo jioni Jacqueline alinikuta mezani, kidole kwenye karatasi, mdomo unanguruma gia. Sikumwona mpaka alipovuta kiti. Akauliza kwa nini hasa nataka jambo hili. Nikamwambia ukweli: nataka kuendesha mara moja bila ya kuambiwa kwenda wapi. Halafu akaweka kidole chake kwenye mstari nyuma ya changu, akaanza kunifuata. Binti ana kasi! Kwenye sehemu iliyonyooka nikatoa mkono wa kushoto, nikamwonyesha upande. Akanipita.

Tulizunguka hivyo mpaka mama yake akataka meza yake apange sahani.

Jumatatu, 26 Aprili

Nimeomba. Tulikuwa tumeondoka Dupont Circle, nikamtazama kiooni, nikasema Mheshimiwa, naomba ruhusa Jumamosi ya tarehe nane. Akatazama nje. Tukavuka taa mbili. Akauliza: kuna msiba? Hapana, Mheshimiwa. Harusi? Hapana. Mtu anaumwa? Hapana. Sasa ni nini, Laurean? Na mimi, mtu mzima, nikashindwa kutamka kwamba naomba siku ya kwenda kuendesha gari. Nikasema shughuli binafsi.

Binafsi, akarudia. Kama neno la kigeni. Miaka kumi na moja, sijawahi kumwomba Jumamosi.

Si mtu mbaya, niandike hilo. Akasema sawa, Fahmi atakuwepo, ila peja niwe nayo, wakinihitaji iniite. Tulipofika, kabla sijamfungulia mlango, akasema barua yangu ya mkataba ataiandika wiki hiyo hiyo. Wiki hiyo hiyo!

Fahmi kanicheka: "Weye Laurean, mtu akikupa ruhusa wataka na cheti? Nenda zako bwana, ntamchukua mie. Kwani kumwendesha bwana yule kuna nini? Kukaa kimya tu."

Leokadia amesikiliza yote, kisha kaenda kukunja nguo. Baadaye akasema toka chumbani, bila kunitazama, kwamba nisije nikaghairi halafu nikae nanung'unika humu ndani miaka kumi.

Alhamisi, 6 Mei

Mutai alikuja jioni, tukabadilisha mafuta ya breki hapo nje, kando ya University Boulevard. Majirani wakatutolea viti. Karatasi ya ukaguzi ya klabu imejaa alama za vema. Sharti moja: gari liwe tupu siku hiyo, kusiwe na kitu chochote kinachoweza kuruka. Hata rozari iliyoning'inia kiooni. Leokadia akaifungua mwenyewe, akaitia mfukoni mwangu.

Jumamosi ana zamu. Ameamuru Jacqueline aje nami, ili awepo mtu wa kujua nimelazwa wapi. Ndivyo alivyosema! Usingizi sitapata.

Jumamosi, 8 Mei

Saa mbili asubuhi. Tumefika. Jacqueline njia nzima alikaa kiti cha nyuma kama kawaida yake, vipokea sauti masikioni, amelala. Kila nilipotazama kioo namwona. Ukungu umekaa bondeni, uwanja hauonekani wote, unaona kipande cha lami kinaingia kwenye weupe na kupotea. Ndivyo hasa nilivyoiota! Harufu ya majani mabichi na mafuta. Tumetandika turubai, tumeshusha kila kitu: jeki, tairi, maandazi, peja. Peja nimemkabidhi Jacqueline. Nimemwambia ikilia, mbio.

Saa nne na nusu. Sijui nianzie wapi.

Mwalimu wangu ni Bi. Arlene mwenyewe. Alipofika, nikamfungulia mlango. Mkono ulikwenda wenyewe, kisigino kikagonga kisigino. Akanitazama, akatazama mlango, akasema toka mumewe afariki hakuna aliyemfanyia hivyo, ila nisirudie, atazoea.

Tukaingia. Mungu wangu! Kona ya kwanza nilishika pumzi. Ya pili nikakumbuka kupumua. Bi. Arlene haongei sana, ananyoosha kidole tu: pale, pale, sasa. Mzunguko wa tatu akauliza nilijifunzia wapi mikono hii – kichwa chake hakijatikisika hata mara moja. Nikamwambia nimebeba watu wenye vikombe vya chai mikononi miaka kumi na moja. Akasema basi endelea kubeba chai. Mutai aje asikie hilo!

Halafu, bendera nyeusi. Kwangu mimi. Maana yake toka, njoo uonywe. Kumbe nyuma yangu palikuwa na kijigari cheupe, kimenifuata mizunguko miwili mizima, kinaomba njia, na mimi sikukiona. Sikutoa mkono. Mimi, niliyecheka mkahawani nikasema adabu hii ni ya kwetu! Mwenye gari ni yule mwalimu wa hesabu. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nilimwomba radhi mara tatu.

Saa sita na nusu. Sijala. Bi. Arlene alikuja akakaa kwenye kiti changu, kiti cha dereva, akashika usukani, akatazama juu. Kisha akauliza kioo hiki kinatazama nini.

Nikachungulia juu ya bega lake. Kinatazama kiti cha nyuma, upande wa kulia. Sweta la Jacqueline limesahauliwa pale.

Akauliza nani hukaa hapo. Hili ni gari langu! Nimelinunua mwenyewe, nina nalo miaka sita, na tangu siku ya kwanza nimelitega kioo kama la Mheshimiwa. Nimekwenda nalo kanisani, sokoni, Frederick kuchukua kabati, na muda wote namsubiri mtu aguse miwani. Hata leo asubuhi, kwenye kona ya tano, sasa nakumbuka vizuri – nilitupa jicho pale. Nilitazama kama kasi imemkera. Nani? Sweta!

Nilitamani kulia, na nadhani nililia kidogo. Bi. Arlene akajifanya anatafuta miwani yake. Kisha akatoka, akaniambia nikae, nigeuze mwenyewe. Kimekaza, hakijageuzwa miaka sita. Kilipogeuka kikalia kama bawaba. Likajaa dirisha la nyuma lote: nyasi, turubai letu, na Jacqueline amesimama anatutazama, andazi mkononi.

Saa tisa. Zamu ya pili imekwisha. Ukungu ulishaondoka, jua limekaa. Nilitoa mkono mara saba! Kila aliyenikaribia nilimwona mapema, nikampa upande, akapita, akanipungia. Mara moja – mara moja tu, mke wa yule mume – mkono ulitoka dirishani kwa ajili yangu. Nikapita. Nikampungia. Nimeimba, sijui niliimba nini, Bi. Arlene anasema ni Kilatini.

Katikati, sijui mzunguko wa ngapi, kila kitu kilinyamaza. Ni ile barabara. Kona inazaa kona. Sikuwa natoka popote.

Saa kumi kasorobo. Foleni ya kuingia, zamu ya mwisho. Mimi ni wa tano. Bi. Arlene ametia saini karatasi yangu, akajifungulia mlango mwenyewe, akashuka. Niende peke yangu, kasema. Daftari liko juu ya usukani. Litatoka kabla sijaondoka, nitampa Jacqueline. Kiti cha pembeni kitupu. Cha nyuma sikioni tena. Kiooni kuna magari matatu, miti, na kipande cha wingu.

Jacqueline anakuja. Anakimbia kwenye nyasi, mkono juu. Ni peja.

Namba ya ofisi. Mara tatu. Fahmi yupo, sasa kwa nini mimi? Labda wamekwama mahali. Labda ni barua – Mheshimiwa kaandika ndiyo. Labda kaandika hapana. Labda anauliza tu funguo za stoo. Simu ya sarafu iko pale kwa mwuza soda, hatua mia. Nikitoka kwenye foleni hii sirudi, ni ya mwisho leo, na siku nyingine ya klabu ni Julai.

Mtu wa bendera ameonyesha vidole viwili. Dakika mbili.

Mkono umeshafika kwenye mkanda, unafungua. Jacqueline kaingiza wake dirishani, kaukamata. Anahema. Mwaka wake wa shule ndio uliomo kwenye peja hiyo, na anajua kuliko mimi. Anasema kwa Kiingereza kwamba atapiga yeye, sarafu anazo. Kisha kwa Kiswahili – sijui lini mara ya mwisho, matamshi ni ya mama yake kabisa: "Rosemary akiniuliza uko na nani, nimwambie nini, Baba?"

Kidole kimoja.

Nimemwambia amwambie Laurean hayuko na mtu. Amenyoosha mkono anataka daftari. Gari la kwanza limeshaondoka, la pili linakwenda